Mbonyeo Usio na Chaki

Walimwita Mwalimu, ingawa shule aliiaga mapema na shule yenyewe haikudondosha hata chozi. Jina lilitokana na chaki. Mfuko wa kulia wa koti lake la kazi haukukosa vipande vya chaki nyeupe, na vidole vyake viwili vilikuwa vimepauka kama vya mtu aliyemaliza ujana wake akifundisha watoto wa watu kuzidisha na kugawanya. Wanafunzi wake, kama tutawaita hivyo, walikuwa magari. Mengine yalivutwa, mengine yalisukumwa, na mengine yaliingia kwa magurudumu yao wenyewe yakiendeshwa na askari mwenye furaha kuliko mwenye gari.

Yadi ya magari yaliyokamatwa ilikuwa nyuma ya kituo cha trafiki, ukuta wa matofali pande tatu na mabati upande wa nne, kwa sababu pesa za matofali ziliishia pale zinapoishiaga. Ilifunguliwa wakubwa walipoamua kwamba faini hazitoshi. Dereva wa fujo, walisema redioni, dawa yake si kumwandikia karatasi. Dawa ni kumnyang'anya gari mwezi mzima, atembee kwa miguu, akili imrudie kupitia nyayo. Hoja haikuwa mbaya. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba aliyefungwa ni gari. Gari lilikaa ndani likipigwa na jua, tairi zimenywea kama limetubu, na dereva wake alikuwa nje ameazima la shemeji yake, anakimbiza vilevile.

Kabla ya yadi, Mwalimu alikuwa fundi bodi. Miaka mingi alinyoosha milango na boneti katika gereji moja yenye kelele kiasi kwamba sikio lake la kushoto liliamua kustaafu kabla yake. Alikuwa hodari. Ukimpa mlango uliokunjamana kama uso wa bibi harusi aliyeachwa, alikurudishia mlango ambao hata aliyeukunja angeapa hajawahi kuuona. Gereji ilipouzwa, mwenye mali mpya alileta vijana wa kubadilisha vipuri, maana kunyoosha kunachukua muda na siku hizi muda ndio wenye mali. Mwalimu akaanguka mikononi mwa Meneja wa yadi, bwana mwenye tai fupi na hofu ndefu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kushika funguo.

Alikuta vita. Kila mwenye gari aliyekuja kulichukua alidai mkwaruzo huu haukuwepo, taa hii ilikuwa nzima, kioo hiki nani kakivunja. Mwalimu akaleta chaki. Gari likiingia, alilizunguka mbele ya aliyelileta, na kila jeraha alilichorea duara. Magari aliyapanga chini ya paa la bati ili mvua isifute. Siku ya kutoka, mwenyewe anazungushwa: hili lina duara, ulikuja nalo, hili halina, limetokea humu, tutajibu sisi. Kanuni yake ilikuwa fupi na aliipenda kuliko wengine wanavyopenda watoto wao: kisicho na chaki ni cha yadi.

Ugomvi ukaisha. Ukabaki kwa mtu mmoja tu, dereva wa gari la kuvuta, waliyemwita Winchi kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya shingo. Winchi alileta gari jeupe lenye vumbi zito, na siku ya kutoka mlango wa nyuma ukakutwa umebonyea, hauna duara. Winchi aliapa kwamba lilikuja na mbonyeo huo, ulijificha chini ya vumbi.

“Chaki iko wapi?” Mwalimu alimuuliza mbele ya Meneja.

“Si wewe ndiye wa kuchora? Unaniuliza mimi kama nani?”

“Hakuna chaki, ni cha yadi. Na ndani ya yadi aliyelisogeza kwa ndoano ni wewe.”

Winchi akakatwa mshahara mpaka akauza redio. Mwalimu alijua, katika ile sehemu ya moyo isiyopenda kusumbuliwa, kwamba siku ile jua lilikuwa kali na upande ule aliupita harakaharaka. Lakini kanuni ni kanuni, hasa inapomuumiza mwingine.

Nyumbani alikuwa na chumba na sebule, na sebule yenyewe nusu yake ilikuwa ya vitambaa. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Kutwa alikaa kwenye baraza la duka la vifungo akikanyaga cherehani yake, kifua kimejaa pini alizochomeka kwenye aproni ya buluu mpaka akikukumbatia unajuta. Ulimi wake nao haukuhitaji kunolewa. Mumewe akirudi na chaki mpaka kwenye nyusi, alimwambia, “Nawa kwanza. Na usije ukanichora na mimi. Makovu yangu yote nilikuja nayo kwetu, ukikuta jipya ujue ni lako.” Walicheka. Ndoa yao ilikuwa imefika pale ambapo watu wawili wakicheka utani uleule kila wiki hawaoni aibu.

Asubuhi moja mkewe alivuka barabara kwenda kununua nyuzi. Alivuka palepale penye mistari myeupe, kama anavyotakiwa mtu anayeamini rangi. Lori lilisimama kumpisha. Gari dogo la kijani cha ndimu mbichi halikuwa na subira na lori; lililipita kwa pembeni, likamkuta, likamwinua, likamweka chini, likaendelea na safari zake. Hakuna aliyeshika namba. Waliosimama walishika vichwa.

Mdogo wake mkewe ndiye aliyepiga simu yadi.

“Shemeji, kaa kwanza.”

“Nimekaa. Sema.”

“Dada kagongwa. Yuko hai, shemeji, yuko hai, anatukana manesi. Lakini mguu… nyonga imevunjika, wanasema. Gari la kijani, limekimbia. Njoo.”

Mwalimu akainuka kutafuta mtu wa kumwachia funguo, na hapo ndipo geti lilipopigiwa honi. Alikuwa Winchi, na nyuma yake, pua juu kama samaki aliyenaswa, ilining'inia ndimu mbichi.

“Kamekamatwa darajani,” Winchi alisema bila kumwangalia, maana tangu redio ile hawakuwa wakiangaliana. “Kanapita magari upande wa wanaokuja. Kijana alikuwa anacheka, askari wakampokonya. Mwezi mmoja. Nikashushe wapi?”

Mwalimu alikuwa anatazama boneti. Upande wa kushoto, juu ya taa, palikuwa na mbonyeo laini, mpana, wa duara upande mmoja. Mtu aliyenyoosha bodi maisha yake yote anajua chuma kilichopigwa na nguzo, kilichopigwa na ukuta, na kilichopigwa na kitu laini chenye mfupa ndani. Kuuzunguka mbonyeo kulikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, kama paka aliteleza pale. Pini. Na kwenye ukingo wa boneti, penye mwanya, kilikuwa kimebanwa kipande cha kitambaa cha buluu.

Alitoa chaki. Alianza nyuma, kama siku zote: bampa, duara, kioo cha pembeni, duara, mlango wa kulia, duara dogo. Mkono ulifanya kazi wenyewe. Alipofika mbele ulisimama. Alijaribu tena, chaki ikagusa rangi, ikaacha nukta. Kulichorea duara pale ilikuwa ni kumchorea mkewe duara, kumpa namba na kumwegesha chini ya paa la bati, kila anayepita aje achungulie. Watu wa yadi walikuwa wameshaanza kusogea. Akarudisha chaki mfukoni. Akakivuta kile kitambaa taratibu, akakikunja, akakiweka mfuko wa shati. Kisha akafanya jambo ambalo fundi bodi hulifanya bila kufikiri kabla ya kugusa chuma: akachukua tambara, akaifuta boneti yote, na ile nukta pia.

Akampa Winchi, ambaye hakuwahi kupewa, funguo za geti, akaondoka mbio.

Siku mbili baadaye alikuja mpelelezi, mama mmoja wa trafiki mwenye kalamu sikioni. Mwalimu alikuwa amemwita mwenyewe, akiwa ametoka wodini hajalala, ana hasira iliyonyooka kama rula. Alimpeleka mpaka kwenye gari la kijani.

“Ni hili, afande. Mbonyeo ndio huu. Urefu wa mke wangu unafika hapa, pimeni.”

Afande alilizunguka gari. Alikuwa anaujua mtindo wa yadi. Kituo kizima kiliusifu. Aliangalia bampa, kioo, mlango. Akafika mbele akasimama.

“Mwalimu. Chaki hapa iko wapi?”

“Sikuweka.”

“Kwa nini?”

Alimweleza. Alimpa na kile kitambaa. Afande alikishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

“Hiki kimetoka mfukoni mwako,” alisema polepole. “Sisemi unadanganya, kaka yangu. Nakuamini mpaka kwenye mifupa. Lakini nikienda nacho mahakamani, wakili wao ataniuliza kilitoka wapi, nimjibu kimetoka kwa mume wa aliyegongwa. Ataniuliza boneti aliifuta nani. Ataniuliza, katika yadi hii kitu kisicho na chaki ni cha nani. Nimjibu nini?”

Mwalimu aliangalia vidole vyake vilivyopauka.

“Kijana anasema hakupita barabara ile. Na magari ya kijani si moja. Nitafutie mtu mwingine aliyeuona mbonyeo huu kabla gari halijaingia getini. Mmoja tu ananitosha.”

Mtu huyo alikuwepo, na alikuwa amekaa nje ya ukuta, ndani ya gari lake la kuvuta, miguu juu ya dashibodi, anakula karanga. Mwalimu akamwendea mwenyewe.

“Winchi. Ndugu yangu.”

“Leo ndugu.”

“Wewe ndiye uliyeifunga ndoano mbele ya gari lile. Uliuona mbonyeo.”

“Niliona vitu vingi maishani. Niliona na mlango wa gari jeupe, ulikuwa chini ya vumbi. Nikasema. Nani alinisikia?”

“Aliyegongwa ni mke wangu, Winchi. Hawezi hata kugeuka kitandani.”

Winchi akatafuna, akameza. Mtu angesema aliona haya kidogo, lakini haya ikikaa sana na kinyongo hujifunza tabia zake.

“Pole yake, na namwombea. Lakini mimi nikiingia kortini nikasema lilikuja nao, wataniuliza sheria ya yadi. Nami naijua vizuri, nilifundishwa kwa mshahara wangu. Chaki ikiwepo, lilikuja nao. Isipokuwepo, ni chenu. Si maneno yako haya, Mwalimu? Au siku hizi mtaala umebadilika?”

Akapandisha kioo.

Mwezi ulikatika. Mkewe alirudi nyumbani na magongo na chuma ndani ya nyonga. Cherehani ililetwa kutoka barazani ikawekwa sebuleni, na kwa kuwa hakuna wa kuikanyaga ikageuka meza ya dawa. Hakulia mbele ya mumewe. Alipoambiwa habari ya chaki alinyamaza kutwa, jambo lililomtisha Mwalimu kuliko matusi, kisha jioni akasema, “Kwa hiyo uliona haya kwa niaba yangu. Ungeniuliza. Mimi sina haya.” Na siku gari lilipotakiwa kutoka, alivaa viatu bapa, akaita teksi.

“Unaenda wapi?” mumewe alimuuliza.

“Yadini. Nataka nimwone huyo tuliyekutana naye bila kusalimiana.”

Kijana alifika akiendesha gari jingine, jekundu, la mama yake, na akaliegesha likaziba geti nusu. Alikuwa na rafiki kiti cha pembeni wa kulirudisha. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kabisa, ushahidi kwamba ule mwezi wa kutembea kwa miguu ulimpita kushoto. Hakuwa na sura ya shetani, na hilo ndilo lililoudhi. Alikuwa na sura ya mtoto wa mtu, mwenye heshima ya kutosha kuwaita watu wazima “mzee” na “mama” huku akiangalia simu.

Meneja akaja na tai yake. Mzunguko ukaanza.

“Hii ya bampa?” Meneja aliuliza.

“Ilikuwepo,” kijana alisema.

“Kioo?”

“Kilikuwepo.”

“Mlango?”

“Huo ni wa zamani.”

Wakafika mbele. Meneja aliikagua boneti, akamkagua Mwalimu, akaanza kukohoa.

“Na hii?” kijana akauliza yeye. “Hii mmenifanyia nyinyi. Haina alama.”

“Unajua ilikotoka,” Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa chini, lakini kila mtu yadini aliacha alichokuwa anafanya.

“Mzee, mimi gari langu lilikuwa zima hapa.”

“Rudia huku unaniangalia.”

“Mzee, usinitafutie shari. Sheria yenu wenyewe. Kisicho na alama ni chenu, niliambiwa pale getini.”

Mlango wa teksi ukafunguliwa. Gongo likatoka kwanza, kisha mguu, kisha mwenye mguu. Mkewe Mwalimu alipita katikati ya magari bila kusaidiwa, akafika kwenye boneti ya kijani, akageuka, akaegemeza nyonga yake ya kulia kwenye mbonyeo. Ulimkaa. Ulimkaa kama gauni lililopimwa na fundi asiyekosea. Hata kijana alishusha simu.

“Umeona, mwanangu?” mama alisema. “Nakaa vizuri. Sema tu kwamba ni wewe. Sitaki pesa zako. Nataka usikie mdomo wako mwenyewe ukisema.”

Kwa muda wa kama kupepesa macho ilionekana kijana atasema. Kisha rafiki yake aliyekuwa ndani ya gari jekundu akapiga honi fupi ya kumharakisha, na kile kitu usoni mwake kikafunga mlango.

“Pole sana, mama. Kweli pole. Lakini watu wanagongwa kila siku, siyo lazima niwe mimi.”

“Tuwe wakweli,” Meneja naye akadakia, akifuta shingo. “Hata mimi nikisimama hapo utanikaa. Mbonyeo ni mbonyeo.” Akamshika Mwalimu kiwiko, akamvuta pembeni kwa upande wa sikio zima. “Sikiliza. Baba yake kijana amenipigia simu mara mbili. Wewe si fundi bodi? Linyooshe. Hapahapa, sasa hivi. Analichukua, anaondoka, hatuandikiani chochote. Ukikataa, naandika kwamba uliifuta boneti kabla ya polisi kuiona. Hapo kazi huna, na sijui kingine utakachokosa.”

Mwalimu akavua koti. Lakini hakulivua ili afanye kazi. Alilikunja, akaweka funguo juu yake, akamnyooshea Meneja vyote pamoja.

“Baba,” mkewe aliita. Alikuwa bado ameegemea gari, na alikuwa amesikia kila neno. “Nyundo zako ziko wapi?”

“Stoo. Lakini sizigusi.”

“Kazichukue.”

“Mama, nikilinyoosha hakuna kitakachobaki.”

“Sasa hivi kimebaki nini? Una nini mkononi? Afande kaondoka, yule mwenye karanga kakunyima mdomo wake, huyu mtoto kanipa pole. Wiki ijayo natakiwa hospitali. Cherehani siikanyagi. Nani atatulisha, mbonyeo?”

“Siwezi.”

“Utaweza. Mkono wako unajua. Mimi nitakaa hapa.” Akajishusha juu ya tairi kuukuu, mguu mbele, magongo mapajani. “Na nitaangalia. Usinifichie tena kitu kwa ajili yangu.”

Akazichukua. Alifungua boneti, akapeleka mkono mmoja chini na kipande cha chuma cha kukingia, na mwingine juu na nyundo ya mpira, akaanza. Alitaka kupiga vibaya. Tangu pigo la kwanza alitaka chuma kikunjamane, rangi ipasuke, gari liondoke na kovu litakaloulizwa kila kituo cha mafuta. Mkono ulimkatalia. Ulikuwa umejifunza kitu kimoja tu duniani na haukujua kukifanya kwa ubaya. Ulipapasa, ukapiga, ukapapasa, ukapiga, na mbonyeo ukaanza kupanda kutoka pembeni kuelekea katikati, kidogokidogo, kama maji yanayojaa kwenye bakuli. Kwanza ukapotea upande wa duara. Kisha upana. Mwisho pakabaki padogo, pa ukubwa wa kiganja, na alipopapiga chuma kikalia mlio ule mkavu ambao fundi yeyote akiusikia hujua amemaliza.

Kijana akaja kukagua. Aliinama, akaifuata boneti kwa jicho kutoka mbele mpaka kwenye kioo, akaridhika. Akapitisha kidole gumba.

“Na hii mikwaruzo?”

Mwalimu alichukua tambara na dawa ya kung'arishia, akasugua. Alisugua kwa duara ndogondogo mpaka pini za mkewe zikatoka moja baada ya nyingine na kijani kikabaki kitupu, kinang'aa, kinaonyesha mawingu.

“Asante, mzee. Una mkono,” kijana alisema, na huenda alimaanisha.

Geti likafunguliwa. Rafiki alitangulia na lile jekundu, la kijani likafuata. Yote mawili yalitoka kwa adabu, taratibu, kama yanakwenda mazishini, mpaka yalipopita kibao cha kituo ambapo macho ya askari huishia. Hapo yakanguruma. Mlio ukaenda ukipanda, ukakata kona, na mtu fulani huko mbele akasikika akitukana.

Mwalimu alirudi kwa mkewe akamshika mkono kumwinua. Mkono wake ulikuwa bado unanukia dawa ya kung'arishia. Mkewe alisimama, akapanga magongo yake, akatazama mahali palipokuwa gari.

“Kazi nzuri,” alisema. “Basi, wakiniuliza, nilijikwaa.”